Jaribu iPhone wiki moja bila kuuza Android yako

Mwangaluka wadau! Karibuni tena dukani Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kwa dada yenu muuza simu. Mdogo wangu ndiye ameshika kamera, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye.

Haipiti siku bila mtu kuingia hapa na Android yake nzima kabisa mkononi. "Dada, ichukue hii, nitaongezea hela, nipe iPhone ya macho matatu, ile ya kamera tatu." Namuuliza, ulishawahi kuitumia iPhone hata siku mbili? Hajawahi. Ameiona kwenye stetasi ya shemeji yake. Mimi nauza zote mbili, kwa hiyo sina upande. Ila sipendi mteja arudi wiki ya pili na uso umekunjamana. Ndiyo maana nina iPhone kadhaa za kuazimisha: unaweka dhamana, unaondoka nayo, ukirudi unaamua. Kama una kaka au binamu mwenye ya ziada, muombe yeye, video hii itakufaa vilevile.

Sheria yetu ni moja: Android yako inabaki simu kubwa. Laini yako kuu haitoki humo, na WhatsApp yako haihami. iPhone ni mgeni tu.

Kwanza kagua mashine. Simu ikiwaka inatakiwa ikusalimie kama mpya, ile skrini ya "Hello". Ikikuomba barua pepe na neno la siri la mtu mwingine, irudishe hapo hapo. Hiyo ni kufuli ya Apple inayoifunga simu kwa mwenye akaunti, ipo tangu 2013, na fundi akikuambia ataitoa kwa elfu kumi, wewe mtazame tu. Halafu piga *#06#, zile namba za IMEI, yaani utambulisho wa simu, zitume kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, achana nayo. Mnakumbuka Juni 2016 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima? Basi.

Betri: Settings, Battery, Battery Health. Ikiwa chini ya asilimia 80, hiyo ni simu ya kukaa karibu na soketi. Kwenye General, About, ukikuta imeandikwa "Unknown Part" kwenye betri au kioo, ujue imeshafunguliwa.

Na toleo. Kuna watu wanatembeza iPhone 6 kwa bei ya kutupa. Nzuri kushika, lakini WhatsApp haipo tena humo, tangu Mei 2025 inataka iOS, yaani mfumo wa iPhone, toleo la 15.1 kwenda juu na iPhone 6 haifiki huko. iPhone XR na XS nazo zimeishia iOS 18. Mimi nikikuazima, nakupa kuanzia iPhone 11. Hii hapa ni iPhone 13.

Washa. Chagua lugha, Android tumezoea kuiweka Kiswahili, huku menyu zake hazina, chagua Kiingereza. Nchi Tanzania. Wi-Fi: washa hotspoti kwenye Android yako, unganisha. Ikiuliza kuhamisha vitu kutoka simu ya zamani, kataa. Hatuhamii, tunatembelea.

Akaunti ya Apple fungua ya kwako. Usikubali kuingiziwa ya fundi, hata akiwa rafiki, maana mwenye akaunti ndiye mwenye simu. Msimbo wa kuthibitisha utakuja kwa meseji kwenye Android. Kwenye njia ya malipo chagua "None", programu za bure zote utapakua bila kadi ya benki.

Sasa kabla hujafanya chochote, bando! iPhone inaiona hotspoti yako kama Wi-Fi ya hotelini. Itapakua masasisho, itapandisha picha, na bando la wiki linaisha kabla ya chakula cha mchana. Nenda Settings, Wi-Fi, gusa ile herufi i pembeni ya jina la hotspoti yako, washa Low Data Mode. Imewaka? Endelea.

Majina ya watu: usinakili moja moja. Ongeza akaunti yako ya Google kwenye iPhone, sehemu ya Contacts, ruhusu, yanakuja yenyewe. Yasipokuja huenda uliyahifadhi kwenye laini au kwenye simu yenyewe, sio kwenye Gmail.

Haya, WhatsApp. Hapa naomba mtulie. Wewe unayekula ndizi huku unatazama, weka chini.

Pakua WhatsApp kwenye iPhone, ifungue, kubali masharti. Itakuletea ukurasa wa kuandika namba. USIANDIKE NAMBA. Narudia, kidole kikiwasha namna gani, usiandike namba yako hapo. Ukiiandika na kuithibitisha, WhatsApp inatoka kwenye Android na kuhamia huku. Na inahamia mikono mitupu, kwa sababu nakala ya Android inakaa Google Drive na iPhone haisomi huko, yenyewe inasoma iCloud, ghala la mtandaoni la Apple. Kuna mama anauza dagaa jumla pale Mwaloni, oda zake zote zilikuwa kwenye WhatsApp. Kijana wake akamsaidia "kuijaribu" iPhone. Akaandika namba. Tuliirudisha Android, ndiyo, lakini nakala ya mwisho ilikuwa ya zamani, na oda zilizoingia baada ya hapo hazikurudi. Kwa hiyo?

Mdogo wangu, sema.

"Usiandike namba."

Asante. Badala yake tafuta maandishi ya "Link as companion device". Kwenye hii yangu nayapata kwa kugusa alama ya pembeni juu. Ukiyagusa inakuja picha ya msimbo wa QR. Kisha kwenye Android fungua WhatsApp, nukta tatu, Vifaa vilivyounganishwa, Unganisha kifaa, halafu elekeza kamera kwenye...

Ngoja. Android ya kuskania si ndiyo tunayorekodia? Sasa tunaskani na nini? Wee mdogo wangu, ulijua muda wote ukanyamaza! Kata, kata kwanza.

Tumerudi. Jirani wa duka la vitenge ametuazima simu yake ya kurekodia, Mungu ambariki, lensi ina ufa kidogo mtavumilia. Ule msimbo nao ulishapitwa na muda, umebadilika wenyewe, hivyo usiuchunguze kama picha ya harusi, ukitokea tu skani. Elekeza... sogea mwanga unarudi kwenye kioo... hapo. Imekubali. Sasa meseji zinaingia kote kote. Unaweza kuunganisha vifaa hadi vinne, na ile simu kubwa uifungue walau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo vifaa vingine vinatolewa.

Na namba hatukuiandika, mmeona?

Laini. Usiweke laini kuu. Weka ile laini yako ya pili, ya bando. Lakini kabla ya kuichomeka, ingia kwenye mipangilio ya Messages uzime iMessage, zile meseji za iPhone kwa iPhone za mtandaoni, na FaceTime, simu za video za Apple, izime pia. Vikiwa vimewashwa simu inatuma meseji ya kujisajili nje ya nchi na salio linakatwa. Kubwa zaidi, namba ikishasajiliwa iMessage halafu ukairudisha laini kwenye Android, wenzako wenye iPhone wakikutumia meseji zinaweza zisikufikie, zinaelekea kule iMessage. Zima mapema, yaishe.

Ndugu zangu wa laini mbili, najua mnasubiri hapa. iPhone nyingi zina tundu la laini moja, ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, ambayo unaenda duka la mtandao wako wakusajilie. Zilizotengenezwa kwa ajili ya China na Hong Kong nyingi zinameza laini mbili za kawaida. Na zile za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu kabisa! Zipo mjini hapa, zinauzwa bei nafuu kidogo, mtu anafika nyumbani Igoma anazungusha simu kama anatafuta mlango wa nyuma. Tazama ubavuni kabla ya kulipa.

M-Pesa: piga *150*00#, menyu inakuja kama kawaida. Nimeulizwa sana kama M-Pesa inafanya kazi kwenye iPhone, jibu ni ndiyo.

Sasa itumie. Kitufe cha kurudi nyuma hakipo, telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Siku ya kwanza utaichukia, ukirudi Android utajikuta unatelezesha. Kibodi yake ukiandika Kiswahili inakusahihisha kwa Kiingereza, unaandika "sawa" inataka kukupa "saw". Settings, General, Keyboard, zima Auto-Correction. Nyimbo: usihangaike na Bluetooth, iPhone haitumi wala haipokei wimbo kutoka Android kwa njia hiyo. Kwa vijana wa kurushiana miziki kijiweni hili peke yake linatosha kufanya uamuzi.

Chaja, kuanzia iPhone 15 ni USB-C, ile ile ya Android yako. Hii 13 ina tundu la Lightning, kwa hiyo nikikuazima nakupa na waya. Waya urudi!

Kupima kamera, usipige picha sebuleni ukasema umeijaribu. Nenda Kamanga pale kivukoni mchana, jua kali, maji yanang'aa, watu wanatembea. Piga video ileile kwa simu zote mbili, zipandishe zote kwenye stetasi, halafu angalia. Mimi napenda video za iPhone, sitadanganya. Picha za usiku kwenye mwamba wa Bismarck, kuna Android humu dukani kwangu zinaipita hii 13 na bei yake nusu. Kusoma skrini juani kujaribu ukiwa ndani ya kivuko kwenda ng'ambo, maana utumiaji wako ni wa huko, sio wa kwenye kabati langu la vioo.

Wiki imeisha, umeamua kurudisha. Usiizime tu ukaniletea! Fuata mpangilio. Kwenye Android, Vifaa vilivyounganishwa, iguse iPhone, itoe. Toa laini. Kisha kwenye iPhone, Settings, General, shuka chini kabisa, Transfer or Reset iPhone, Erase All Content and Settings. Itadai neno la siri la akaunti yako ya Apple, weka, ndiyo inayofungua ile kufuli. Umelisahau? Kaa hapo hapo ulitafute, kwa sababu simu iliyofungwa kwa jina lako siipokei na dhamana siitoi. Liandike kwenye daftari siku ile ile unayofungua akaunti. Neno la siri, daftari, siku ya kwanza.

Na kama umeamua kununua na kuhama mazima na meseji zako zote za WhatsApp, hiyo ni kazi nyingine. Inafanyika kwa programu ya Move to iOS, simu zote mbili zikiwa kwenye chaji, iPhone ikiwa bado mpya au imefutwa. Hapo namba unaandika, tena ile ile. Kabla ya hapo usiandike! Nitaitengenezea video yake nikipata stendi ya kamera, maana jirani anataka simu yake sasa hivi, ameshakuja mara ya pili.

Tupo Makoroboi, Jumatatu hadi Jumamosi. Njoo na kitambulisho na dhamana. Haya mpe dada wa watu simu yake, na huyo kaka mlangoni muulize anataka nini.