Kukinga Mwanga: Kuchagua Droni ya Kupiga Jiji Usiku

(Mhadhara kwa wapiga picha za video, Dar es Salaam, alasiri ya mwezi Julai)

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja, hasa nyie mliopanda mwendokasi kutoka Kimara na saa hizi za foleni.

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya boksi la droni. "Kaka, hii vipi kwa usiku?" Natazama boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa: megapikseli 48, 4K, kuza mara nne. Hayo yote ni mambo ya mchana. Kile unachokihitaji usiku kimeandikwa pembeni, kwa maandishi madogo, au hakikuandikwa kabisa. Leo nataka tusome hayo maandishi madogo.

Kwanza niwaeleze nilivyojifunza. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi ya kupiga sherehe ya usiku kando ya bahari. Nilikuwa na droni ndogo ambayo mchana ilinipa picha safi kabisa. Usiku ule niliitazama kwenye skrini ya simu, nikaona mambo yamenyooka. Nyumbani nikafungua kwenye kompyuta. Anga lote linachemka chenga, kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni. Majani ya minazi yamekuwa tope la kijani. Pale mwanga wa jukwaa ulipofifia kuingia gizani kuna mistari, mmoja baada ya mwingine, kama ngazi. Mteja alitazama kwa sekunde kumi hivi, akafunga laptopu taratibu. Ile namna alivyoifunga ninaikumbuka mpaka leo.

Tatizo halikuwa mkono wangu. Mwanga haukutosha, na chombo changu hakikuwa na uwezo wa kuukinga.

Tuliokulia kwenye nyumba za mabati tunajua habari ya kukinga maji ya mvua. Wakati wa masika hata kikombe kinajaa. Ikiwa ni rasharasha, hapo ndipo utajua nani ana beseni na nani ana kopo. Mchana wa Dar es Salaam ni masika ya mwanga, kila kamera inajaa. Usiku ni rasharasha.

Kwenye droni kuna vitu viwili vinavyokinga. Cha kwanza ni sensa, kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea picha. Cha pili ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f, na namba ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa. Kutoka f/2.8 kwenda f/1.7, mwanga unaoifikia sensa ile ile unaongezeka karibu mara 2.7. Si kidogo hata kidogo. Hiyo ndiyo tofauti ya kupiga kwa ISO 1600, yaani kamera ikiukuza sana mwanga hafifu pamoja na chenga zake, na kupiga kwa ISO 600.

Wengi wetu tunakosea kwa kutazama kimoja tu kati ya hivyo viwili. Mtu anaambiwa dukani, "Hii ni ya inchi moja, ndiyo ya usiku," anatoa hela. Kwanza mjue kwamba hiyo "inchi moja" ni jina tu lililorithiwa tangu enzi za mirija ya kamera za televisheni. Sensa yenyewe ina milimita 13.2 kwa 8.8. Ukiipima kona kwa kona unapata kama milimita 16, wakati inchi ni 25.4. Halafu, muhimu zaidi, sensa hiyo imewekewa tundu gani?

Toeni simu tupige hesabu. Chukua upana wa sensa kwa milimita, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa namba ya tundu iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu si kipimo cha maabara, na kila kizazi kipya kina programu bora zaidi ya kusafisha chenga. Lakini litakuonyesha nani ana beseni na nani ana kopo.

Tuchukue droni za kampuni ya DJI. Mini 2 ina sensa inayoitwa ya inchi 1/2.3 na tundu la f/2.8. Unapata kama 3.6. Air 2S, yenye ile inchi moja inayosifiwa, ina f/2.8 pia: unapata 15. Sasa njoo kwa Mini 3 Pro au Mini 4 Pro. Sensa yao ni ya 1/1.3, ndogo kuliko ya Air 2S, lakini tundu ni f/1.7. Unapata 25. Yaani droni ya gramu 249 inakinga mwanga mwingi kuliko kubwa yake yenye inchi moja. Mavic 3, iliyotoka mwaka 2021, ina sensa kubwa ya 4/3 na tundu la f/2.8, na uzito wake unakaribia gramu 900. Unapata 29. Tazameni hapo: 25 na 29, halafu fikirieni bei.

Air 3S ya mwaka 2024 imeunganisha inchi moja na f/1.8, ikafika 36. Mini 5 Pro ya 2025 nayo iko hapo hapo, kwenye mwili mdogo. Mavic 4 Pro, yenye 4/3 na f/2.0, inafika 56, na hiyo ni ya mtu mwenye wateja wa kuilipia.

Kuhusu lenzi ya kuvuta, ile ya pili ya milimita 70 kwenye Air 3: ina f/2.8, na sensa yake ni sawa na ya lenzi kuu. Ukiihamia usiku umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wako kwa kugusa kitufe kimoja. Mimi huitumia jua likiwa bado linazama. Giza likishashika naiacha.

Dada pale mbele amenyoosha mkono. Anauliza: kama Mini inakaribiana na Mavic 3, kwa nini watu wa kazi bado wanabeba mzigo mkubwa? Swali zuri sana, na jibu lake liko nje, tokeni msikilize. Huo ni upepo wa Kusi. Huu ni mwezi wa saba, na ukisimama Coco Beach jioni shati linakupiga mgongoni. Mini 3 Pro imepimwa kuhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, Mavic 3 na Air 3 mita 12. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini usiku shata, ule mlango wa kamera unaopitisha mwanga, inabaki wazi muda mrefu, na ukipiga picha ya mnato ya sekunde mbili, droni nyepesi ikitikiswa mara moja tu kila taa ya Kivukoni inakuwa na mkia. Kwa hiyo ukiishi pwani, hesabu yetu haijaisha mpaka umeuliza uzito. Kwa Dodoma au Arusha ningekushauri vingine. Kwa Dar, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, nasema wazi: ukiweza, nunua ya ukubwa wa kati. Ukiwa na ndogo, piga video na uache picha za sekunde nyingi hadi upepo utulie.

Jambo la pili la kuangalia dukani ni rangi za biti 10. Ile ngazi niliyoiona angani ilitokana na hili. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi kutoka giza hadi mwanga. Ya biti 10 ina 1,024. Mchana hutaona tofauti kubwa. Anga la usiku juu ya jiji ni mteremko mrefu na mpole, kuanzia rangi ya chungwa pale chini kwenye majengo hadi nyeusi juu, na kwa ngazi 256 mteremko huo unakatika vipandevipande. Ukijaribu kuuangaza wakati wa kuhariri ndiyo unaumaliza. Droni isiyorekodi biti 10 msiinunue kwa kazi ya usiku. Kwenye hili sina nafasi ya kulegeza.

La tatu haliko kwenye boksi kabisa, liko kwenye nguzo ya umeme. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Droni nyingi zikitoka kwenye boksi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na kijana anaweka shata 1/60 ya sekunde kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na video ya mtu aliyeko Marekani, ambako umeme ni mizunguko 60. Anapita juu ya mtaa wa maduka, na video yote inapepesa. Weka fremu 25 na shata 1/50. Hapo kila fremu inabeba mapigo mawili kamili ya taa, na mtaa unatulia. Mabango makubwa ya LED yana mwendo wao wenyewe, hayo yatakusumbua bado. Basi unaponunua, hakikisha inakuruhusu kuweka fremu na shata kwa mkono. Na mizani ya rangi pia, maana jiji letu lina taa za aina mbili: zile za zamani za sodiamu, za chungwa, na LED nyeupe. Ukiiachia kamera iamue, itabadili rangi ya jiji zima katikati ya klipu. Mimi huifunga kwenye kelvini 3800 au jirani na hapo, kisha siigusi.

Sasa usalama, na hapa naomba utulivu. Vile vijicho vya droni vinavyozuia isigonge ukuta ni kamera, na kamera hizo zinahitaji mwanga. Vitabu vya maelekezo vya droni nyingi za DJI vinataja mwangaza wa zaidi ya laksi 15. Juu ya paa la Kariakoo lisilo na taa hupati mwanga huo. Maana yake droni iliyokuwa ikisimama yenyewe mchana, usiku inakuja moja kwa moja. Air 3S ina kipimo cha leza mbele, kinachoona ukuta hata gizani, na kwangu hiyo ni sababu kubwa ya kuichagua kuliko hata hiyo 36 yake. Lakini msitegemee chombo chochote kione waya mwembamba wa mnara. Nenda mahali pa kazi mchana, hesabu minara na kreni, weka kimo cha droni kurudi yenyewe nyumbani juu ya jengo refu kuliko yote, ndipo urudi usiku.

Kuhusu kibali nitakuwa mfupi, kwa sababu hakuna mjadala. Chombo kisajiliwe na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwenye maombi ya kuruka uandike waziwazi kwamba ni usiku, mahali gani na saa ngapi. Upande wa Magogoni kuna Ikulu, na ng'ambo ya maji Kigamboni kuna Jeshi la Wanamaji. Usisogee. Picha ya kivuko hata iwe nzuri namna gani, usisogee.

Kuna kitu kidogo ambacho kimeharibu klipu zangu nyingi kuliko chenga. Unakuja na gari lenye kiyoyozi, unafungua mlango Oysterbay, unarusha. Lenzi ni baridi, hewa ya bahari ni ya moto na ina maji. Ndani ya dakika moja kuna ukungu usiouona kwenye simu, na kila taa inavaa duara jeupe, kama mwezi unaotaka mvua. Siku hizi naiweka droni nje, mkoba wazi, dakika 20 kabla. Halafu naifuta lenzi kwa kitambaa kikavu na kuitazama kwa tochi kwa upande, maana chumvi ya bahari nayo haionekani ukiitazama mbele. Na zima taa za mikono ya mbele ya droni, au ziweke zijizime wakati wa kurekodi, zisimwage wekundu kwenye picha. Taa ya kuwaka na kuzima, kama droni yako inayo, iache iwake, ndiyo inayokuonyesha kwa rubani mwingine.

Kaka aliyeuliza kuhusu saa nzuri ya kupiga, nilikuwa nakuja kwako. Jiji linapendeza kabla giza halijawa giza, wakati anga bado lina buluu na taa zimeshawaka. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linazama wima. Linatua kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima, na tangu hapo una kama dakika 20 tu. London mwezi wa sita wenzetu wana zaidi ya mara mbili ya hizo. Betri moja ya Mini au Air, ukiacha akiba ya kurudi, inakupa angalau dakika 20. Kwa hiyo jioni ya Dar es Salaam ni betri moja. Adhana ya Magharibi ikianza, mapanga yawe yanazunguka. Ukianza kutafuta memori kadi wakati huo, umeikosa mpaka kesho.

Na ndani ya dakika hizo, tafadhali, geuzeni kamera. Sote tunapiga daraja la Tanzanite na maghorofa ya Posta, na ni haki yetu, tunajivunia. Lakini geukeni baharini usiku usio na mwezi muone taa za wavuvi wa dagaa. Geukeni bara muone mitaa ambayo taa yake ni ya genge la matunda na ya mama anayekaanga samaki. Mwanga wa pale ni mdogo kuliko wote, na droni ya 3.6 haiuoni kabisa, inaandika giza tupu mahali watu wanaishi. Nimeanza kuzichagua droni zangu kwa hilo: kama haiwezi kumwonyesha yule mama, sichukui.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Droni mbili ziko nje tangu saa kumi na moja na nusu, lenzi zimeshazoea joto, kibali cha leo ninacho mfukoni. Tutazirusha pamoja, ile ndogo ya zamani na Air 3S, kimo kimoja, fremu 25, ISO ile ile, halafu tutarudi humu tuzitazame kwenye skrini kubwa. Chukueni viatu vyenu, tushuke ufukweni.