Pantoni, hamira na lango la DNA

MWANAIDI: Karibuni jamani. Mkisikia mvumo kwa nyuma ni feni, na kwa joto hili la Dar haizimwi ng'o. Leo nimekuja na maandazi. Nimekanda unga alfajiri, hamira kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, baada ya muda povu hilo!

BARAKA: Na mimi nimeshakula manne. Lakini dada, uliniahidi sayansi.

MWANAIDI: Iko humohumo kwenye povu. Seli ya hamira ikishiba inagawanyika kwa dakika 90 hivi. Kabla ya hapo lazima inakili DNA yake yote, yaani uzi wenye maelekezo ya seli, herufi kama milioni 12 kwenye vipande 16 vinavyoitwa kromosomu, na kila herufi mara moja tu.

BARAKA: Kwa hiyo unga unaumuka kwa sababu seli zimezaana?

MWANAIDI: Hapo wengi wanachanganya. Unaumuka kwa gesi, kabonidioksidi. Kuzaana ni habari nyingine.

BARAKA: Sasa kunakili kunaanzia wapi, kwenye ncha ya uzi?

MWANAIDI: Kungekucha! Kuna vituo kama 400 vya kuanzia. Kwenye kila kituo imekaa protini inaitwa ORC, vipande sita vilivyoshikana. Watafiti Bell na Stillman waliitangaza mwaka 1992 kule Cold Spring Harbor, Marekani. Kwenye hamira ORC haibanduki kituoni.

BARAKA: Mpiga debe huyo.

MWANAIDI: Kabisa! Akiita, inakuja protini nyingine, Cdc6, halafu ya tatu, Cdt1, imebeba MCM. MCM ni pete ya protini. Zinavalishwa pete mbili kwenye DNA, zimeelekeana, halafu zinatulia tu.

BARAKA: Zinatulia? Zimeshapakiwa, si ziondoke?

MWANAIDI: Wewe si unakaa Kigamboni? Hebu waeleze watu pantoni inavyopakia.

BARAKA: Lango likifunguliwa mnamiminika, bodaboda, bajaji, mama na ndoo ya samaki. Likishafungwa, hata kama unamwona mkeo kule ndani, unasubiri safari nyingine. Na haing'oi nanga lango likiwa wazi.

MWANAIDI: Basi ndiyo hiyohiyo. Kupakia na kuondoka havikutani. Anayetenganisha ni kimeng'enya kinaitwa CDK. Nguvu yake ikiwa chini, pete zinapakiwa. Ikipanda, safari. Kazi yake ni kugonga mihuri ya fosfeti kwenye protini nyingine. Kwanza mwenzake, DDK, anagonga MCM. CDK yenyewe inagonga protini mbili, Sld2 na Sld3, na zikishagongwa tu ndipo protini nyingine, Dpb11, inazikamata zote mbili. Hapo wasaidizi wawili, Cdc45 na GINS, wanaungana na pete, na pete inaanza kutenganisha nyuzi mbili za DNA.

BARAKA: GINS ni nini tena? Majina haya yananichosha.

MWANAIDI: Hilo utalipenda. Ni Kijapani: go, ichi, ni, san. Tano, moja, mbili, tatu. Ni namba za protini nne zinazoiunda.

BARAKA: Aisee! Sasa nambie, wa kudandia pantoni ikiwa imeshaondoka hawapo?

MWANAIDI: Hapo ndipo CDK inaponifurahisha. Mkono uleule uliotoa ruhusa ya kuondoka ndio unaofunga lango. Cdc6 inagongwa muhuri, inapelekwa kusagwa. ORC inagongwa, inashindwa kupakia. MCM zilizobaki nje ya DNA zinatolewa kwenye kiini pamoja na Cdt1.

BARAKA: Makufuli matatu kwa mlango mmoja? Si woga huo?

MWANAIDI: Mwaka 2001 watafiti waliyavunja yote kwa pamoja kwenye hamira, na seli zikaanza kunakili upya sehemu zilizokwisha kunakiliwa. Seli ya namna hiyo iko matatani. Tena si mambo ya hamira peke yake. Sisi nasi tuna ORC, Cdc6, Cdt1 na MCM. Mtoto akirithi hitilafu kwenye baadhi ya jeni hizo anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa Meier-Gorlin, kimo kifupi sana na masikio madogo.

BARAKA: Duh. Kumbe kijiko cha hamira kinamweleza hadi binadamu.

MWANAIDI: Mwaka 2015 maabara ya John Diffley, Uingereza, ilisafisha protini za hamira moja moja, ikazichanganya na DNA kwenye kichupa, unakili ukaanza. Hakuna seli humo.

BARAKA: Swali la mwisho. Pantoni ikishafika ng'ambo, lango linafunguliwa na nani?

MWANAIDI: CDK haifanyi kazi bila mshirika wake, saiklini. Seli ikimaliza kugawana kromosomu, saiklini inasagwa na CDK inalegea. Kwenye seli zote mbili mpya ORC inaanza kuita upya.

BARAKA: Pete mbili, pete mbili, siti zipo!