Ndani ya Wingu, Watoto Wako Nyuma

Marubani wenzangu, nanyi wanafunzi, nimeombwa nizungumzie kurusha ndege ndogo kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vilivyo mbele ya rubani badala ya kutazama nje, ndani ya mawingu, familia ikiwa ndani. Naanza na sikio, maana hatari inaanzia humo.

Ndani ya sikio mna vijia vitatu vyenye majimaji. Ukigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, ubongo ukajua. Kona ikiendelea vilevile kwa sekunde kama 20, majimaji huenda sawa na vijia, nawe unahisi umenyooka. Ukiona mlima au bahari, macho hulisahihisha sikio. Ndani ya wingu hakuna cha kuona. Pua inashuka, altimita, kile kipimo cha kimo, inateremka, rubani anavuta usukani apande, na kwa kuwa mabawa yamelala upande, kona inazidi kukaza. Hata akiyanyoosha, mwili unamshawishi kuwa sasa anapindukia upande wa pili. Wengi hurudi kwenye kona ileile.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa matokeo ya kuwajaribu watu 20 wasiozoea vyombo. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu, jamani! Na tangu Septemba 1929 rubani Mmarekani Jimmy Doolittle alikwisha kupaa na kutua amefunikwa kabisa asione nje, akifuata vyombo tu. Tofauti ni mafunzo.

Sasa familia. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa Marekani, aliruka na mkewe na shemeji yake, safari ya arusi ya binamu yake huko Massachusetts. Palikuwa na giza, utusitusi, na bahari chini. Idhini ya kurusha kwa vyombo hakuwa nayo. Ndege ilianguka baharini, wote wakafa, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo angani. Katika kisa hiki, mimi hukwama kwenye ile arusi. Arusi haingoji, na kila rubani mwenye ndugu anaujua uzito huo.

Kwa hiyo nauli ya basi iwekwe kabla ya siku ya safari, na wanaowangoja, tuseme Mombasa, waambiwe mapema kwamba huenda mkachelewa. Ukisubiri kuamua pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi ya Julai, mawingu yamelala juu ya vilima vya Ngong na watoto wameshafunga mikanda, utaona mwanya usiokuwepo. Na idhini ya vyombo haikuinulii ndege: milima ya Aberdare inapita futi 13,000, na ndege ndogo kama Cessna 172 yenye watu wanne na mafuta itahangaika kuivuka milima hiyo.

Mkiwa ndani ya wingu, mtoto akitapika, usigeuke. Ndege ikiwa kwenye kona, kugeuza kichwa ghafla huvivuruga vijia vile, ukahisi unabingirika. Mketishe mtu mzima karibu na mtoto, mifuko awe nayo mkononi kabla hamjapaa, na wote wajue kwamba ukiinua kiganja hakuna anayekusemesha.

Haya, karibuni maswali.