Maziwa Kwanza: Injili Uingereza, Kutoka Kent ya Mwaka 597 Hadi Leicester ya Leo

Bwana Yesu asifiwe. Mkuu wa chuo, walimu wetu, nanyi wanachuo mlioacha mapumziko ya mchana kuja kunisikiliza, asanteni sana. Mimi si mwanatheolojia. Ni muuguzi, na ni mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa Waswahili mjini Leicester, katikati ya Uingereza. Nimeombwa nizungumzie uinjilisti kule, nami nikaomba nianze na historia, kwa sababu kila nikija likizo nasikia neno lile lile: "Wazungu walituletea Mungu, sasa wenyewe wamemtupa." Neno hilo linawakosea Waingereza, na linatuharibu sisi tunaokwenda kwao.

Waingereza nao waliletewa. Papa Gregori alimtuma mtawa Agostino kutoka Roma na wenzake wapatao arobaini, wakafika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 597. Wakiwa bado njiani, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, hofu iliwaingia. Walisikia kwamba wanakokwenda kuna watu wakali, na lugha yao hawaijui. Wakamrudisha Agostino kwa Papa kuomba safari ivunjwe. Papa akakataa, akawatia moyo, wakachukua wakalimani wa Kifaranki na kuendelea. Walipofika, Mfalme Ethelbert hakukubali kukutana nao ndani ya nyumba. Aliketi nje peupe, kwa kuchelea wasije wakamroga. Kumbukeni jambo hilo siku mtakaposikia kwamba hofu ya kurogwa ni ya Mwafrika.

Na hao watawa hawakuwa wa kwanza. Mke wa mfalme, Bertha, binti wa ukoo wa kifalme wa Wafaranki, alikuwa Mkristo, na aliolewa kwa sharti kwamba ataruhusiwa kushika imani yake. Alikuwa akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Martin pale Canterbury kabla Agostino hajakanyaga kisiwani. Kanisa hilo lipo, na ibada zinafanyika hadi leo. Mke mgeni aliyesali kwa utulivu katika nchi ya watu ndiye aliyewatangulia. Hajulikani kwa mahubiri yoyote.

Lakini ninayempenda zaidi ni Aidan. Kaskazini, Mfalme Oswald aliomba mhubiri kutoka kwa watawa wa kisiwa cha Iona, pwani ya Uskoti. Wa kwanza aliyetumwa alirudi amekasirika, akisema watu wale ni wakaidi, hawafundishiki. Mtawa Bede, aliyemaliza kuandika historia ya kanisa lao mwaka 731, anasimulia kwamba Aidan alikuwa kwenye kikao hicho, akamwambia mwenzake kwa upole: huenda uliwabana mno, ungewapa kwanza maziwa kama watoto, ndipo chakula kigumu. Wakamtuma yeye, mwaka 635. Kiingereza chake kilikuwa hafifu, kwa hiyo mfalme mwenyewe, aliyejifunza lugha ya Aidan alipokuwa uhamishoni, alisimama na kumtafsiria mbele ya wakuu wake. Mfalme mkalimani wa mhubiri! Na Aidan alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, akisimama kuzungumza na kila aliyekutana naye. Alipopewa farasi wa kifalme, alimpa maskini aliyeomba msaada barabarani.

Nitaruka karne nyingi, mtanisamehe. Mnajua habari za Mfalme Henry wa Nane na mwaka 1534, alipolitenga kanisa la Uingereza na Papa, mnajua jinsi Tyndale alivyouawa mwaka 1536 baada ya kulitia Agano Jipya katika Kiingereza cha watu wa kawaida. Mnajua pia Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, CMS, akafika Mombasa mwaka 1844. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo, na ndani ya mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Hakungoja Waswahili wajifunze Kijerumani. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001, waliojiandika Wakristo walikuwa asilimia 71.7. Mwaka 2011 wakawa 59.3. Mwaka 2021 wakashuka hadi 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na waliosema hawana dini walifika 37.2. Takwimu hizi zikitajwa kwenye semina zetu watu huguna na kutikisa vichwa. Mimi nawasihi tuzisome kwa makini. Sensa ya ibada ya mwaka 1851, enzi za Malkia Victoria, iliwashtua viongozi wa kanisa kwa kuonyesha kwamba karibu nusu ya watu hawakwenda ibadani. Kwa muda mrefu kuwa wa Kanisa la Uingereza kulikuwa kama kuwa na uraia: unabatizwa, unaozwa, unazikwa. Hata leo maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge. Kwa hiyo sehemu ya kinachopungua ni jina. Sehemu nyingine ni hasara ya kweli, na inauma. Watoto waliacha shule ya Jumapili, wakakua, wakazaa watoto ambao hawakuwahi kufundishwa Baba Yetu. Na kanisa lenyewe limejeruhi watu. Askofu Mkuu Justin Welby alitangaza kujiuzulu Novemba 2024, baada ya ripoti kuhusu jinsi kanisa lilivyoshughulikia mateso waliyotendewa vijana. Ukimhubiria mgonjwa kule, usishangae akikuuliza habari hizo kabla hujafungua kinywa. Muuguzi anajifunza hili mapema: usiguse kidonda kabla hujakitazama.

Nani basi anajaza makanisa ya mijini? Wageni, tena. Ilipotia nanga meli ya Empire Windrush mwaka 1948 ikiwa na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, na nyingine baada yake, Wakaribi wengi walikwenda kwenye makanisa ya madhehebu yao wakapokewa kwa ubaridi. Wengi wakaanzisha yao. Baadaye wakaja Wanigeria, Waghana, Wakongo, na sisi. Nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mfano wetu wa zamani. Mwaka 1947 walokole wawili, William Nagenda wa Uganda na Yosiya Kinuka, walitembelea Uingereza. Hawakwenda kuwakaripia Waingereza. Walisimama wakakiri dhambi zao wenyewe, wakaeleza maana ya kutembea nuruni, na Wakristo wengi wa Kiingereza waliguswa, wakatubu. Hayo ndiyo maziwa ya Aidan.

Sisi je? Nitawaeleza kanisa letu jinsi lilivyo. Tunapanga ukumbi wa kanisa la Kianglikana, saa nane mchana kila Jumapili. Wenyeji husali asubuhi, wazee kumi na watano hivi, na siku hizi hubaki wakinywa chai mpaka tunapokaribia kuingia. Kwa miaka sita tulipishana mlangoni. Sisi tunaingia na spika na kinanda, wao wanatoka na fimbo zao. Mzee mmoja alikuwa anatuachia viti vimepangwa mistari mitano, kila Jumapili, bila kuombwa. Hatukujua jina lake. Ndani tulikuwa tunaombea Uingereza irudi kwa Mungu, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, huku Uingereza ikiwa imetupangia viti.

Na watoto wetu walikaa nyuma na simu. Binti yangu aliniambia, "Mama, naelewa maneno, ila sielewi mnachosema." Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Tulikuwa tunapoteza wa kwetu wakati tunalilia wa wenzetu.

Leicester si mji wa Wazungu waliopotea tu. Katika sensa ya 2021 Wakristo walikuwa kama robo, Waislamu karibu robo, wasio na dini karibu robo, na Wahindu karibu asilimia 18. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, halmashauri ya mji ilitangaza katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu. Kwenye duka ninalonunulia unga wa dona, mzee mwenye duka, Mhindu mzaliwa wa Jinja, hunikaribisha kwa Kiswahili: "Habari za kazi, mama? Umechoka?" Ana hirizi ya dini yake juu ya mashine ya fedha, naye ana haki ya kunijua kuwa Mkristo. Tumezungumza habari za Yesu mara mbili, mara zote yeye ndiye aliyeanza, na mara zote baada ya msiba. Sijawahi kudharau miungu yake mbele yake. Kinywa kinachotukana hakisikilizwi na mtu aliyefukuzwa nchi moja na kukatazwa ya pili.

Mwaka juzi tulikubaliana na wale wazee tusali pamoja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa Kiingereza, na wimbo mmoja au miwili ya Kiswahili. Haikuwa rahisi. Familia tatu za kwetu zilihama, zikisema ibada imepoa. Kwao bibi mmoja aliacha kuja kwa sababu ya ngoma. Mzee wa viti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba maandazi ya pili, na ndiye aliyenifundisha kwamba jirani wa Kiingereza hualikwa wiki mbili kabla, si asubuhi ile ile, na kwamba akikuambia "labda" mara nyingi anamaanisha hapana.

Kwa hiyo mkitaka kutumwa kule, jifunzeni Kiingereza cha mtaani mpaka mweze kunyamaza ndani yake, msikie mtu anasema nini. Spika ziacheni kwanza. Na mkipewa farasi, mnajua la kufanya.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu tulikuwa thelathini na wanne, wao na sisi. Mmoja sikumfahamu, kijana wa Kiingereza mwenye koti la mvua. Aliingia kuulizia choo, akakaa kiti cha mwisho mpaka baraka. Alipotoka nilikuwa jikoni na birika mkononi, sikuwahi kumuuliza jina. Nikirudi nitamtafuta.