Bila Chuma, Walipigana na Nini? Nipo Templo Mayor, Mexico City

Hamjambo nyote huko nyumbani. Shikamoo mama, najua unatazama kwa simu ya dada. Leo nipo katikati ya Mexico City, ndani ya makumbusho ya Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki. Naongea taratibu kwa sababu nyuma yangu kuna watoto wa shule na mwalimu wao. Kuna mmoja wenu wa Mombasa aliniuliza: hao Waazteki, waliotawala hapa kabla ya Wahispania, hawakuwa na chuma, sasa walipigana na nini?

Walipigana kwa kioo, ndugu yangu. Nasema kile kioo cheusi kinachotemwa na volkano, obsidiani. Watu wa Naivasha mnakijua vizuri. Sisi tuliokulia upande ule tuliokota vipande vyake tukiwa wadogo, na mnakumbuka jinsi kinavyokuchana kidole, damu ukaiona kabla ya kusikia maumivu. Wenyeji wa huku walikibandua vipande vyembamba kama wembe, wakavipachika kwenye mifereji iliyochongwa kingo zote mbili za ubao mgumu, wakavishika kwa gundi. Silaha hiyo waliiita macuahuitl, yaani mti wa mkono. Bernal Díaz, askari wa Cortés, Mhispania aliyewavamia Waazteki, aliandika kwamba huko Tlaxcala farasi jike alikatwa shingo kwa silaha hizo, kichwa kikabaki kinaning'inia kwa ngozi.

Inaniuma kuwaambia kwamba macuahuitl ya mwisho iliyojulikana kuwa ya asili iliteketea mwaka 1884, ghala la silaha la kifalme mjini Madrid liliposhika moto. Zote mnazoziona mitandaoni zimetengenezwa upya.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa ndipo penyewe. Kwa Wamexica, ndivyo Waazteki walivyojiita, silaha haikuwa kifaa tu. Obsidiani ilikuwa na mungu wake, Tezcatlipoca, maana yake Kioo Kinachofuka Moshi, kioo cha kujitazamia. Michoro humwonyesha mguu mmoja hana, mahali pake pana kioo. Lakini silaha kubwa kuliko zote ilikuwa nyoka.

Wanasimulia kwamba mungu wa kike Coatlicue alikuwa akifagia hekalu juu ya mlima Coatepec, mpira wa manyoya ukaanguka, akauweka kifuani, akashika mimba. Binti yake Coyolxauhqui aliona ni aibu. Akawachochea ndugu zake 400 wapande mlima wamuue mama yao. Walipofika tu, mtoto wa mimba ile, Huitzilopochtli, mungu wa vita, akazaliwa akiwa mtu mzima, na ngao yake, na mishale yake, na Xiuhcoatl mkononi, nyoka wa moto. Akamkata dada yake kichwa. Mwili ukabingirika mlimani, mikono huku, miguu kule. Ndugu wale akawafukuza, na wachache sana walinusurika.

Tazameni hapa chini, nageuza kamera. Huyu ndiye Coyolxauhqui. Jiwe moja la duara, zaidi ya mita 3 kutoka ukingo hadi ukingo. Februari 1978 wafanyakazi wa umeme walikuwa wakichimba kwenye kona ya mtaa hapo nje, usiku, sururu zikagonga jiwe hili, na ndilo lililofanya hekalu zima lichimbuliwe. Angalieni shavu, hizo ni kengele. Jina lake linatokana nazo. Angalieni bega. Mchongaji ameonyesha kingo za nyama iliyokatwa zikiwa na mawimbi, na mfupa ukichomoza katikati. Nimekuja mara tatu na bado nikifika kwenye bega nasimama.

Na halikuwekwa mahali popote tu. Lilikuwa chini kabisa ya ngazi, upande wa hekalu uliokuwa wa Huitzilopochtli. Mateka wa vita walitolewa sadaka kule juu, kisha miili yao ikasukumwa kwenye ngazi hadi huku alikolala dada yake. Yaani hekalu lenyewe ndilo mlima Coatepec, na kila mateka alikufa kifo cha Coyolxauhqui upya. Ndiyo maana shujaa wao alisifiwa kwa idadi ya watu aliowakamata wakiwa hai.

Mwalimu wa wale watoto ameanza kuwasimulia habari ya ule mpira wa manyoya. Ngoja ninyamaze, msikilize kidogo sauti yake. Jumamosi napanda basi kwenda Pachuca, kwenye milima walikochimba obsidiani ya kijani. Nikipata kipande nitakiweka kando ya kile cheusi nilichotoka nacho Naivasha, muone tofauti ya rangi.