Silinda ya injini ndogo ya mvuke kwa pistoni chakavu: kusubu, kukereza, kuwasha

Dogo, inarekodi? Laza simu. Ilaze, watu wasitazame video kama wanachungulia mlangoni. Haya.

Wadau, karibuni karakana. Leo silinda ya injini ya mvuke, kuanzia skrepa mpaka inazunguka. Hii mezani nilishaimaliza, nikizungusha gurudumu kwa mkono mnaona silinda inavyoyumba kushoto, kulia. Kuyumba huko ndiko kunakofungua na kufunga matundu ya mvuke. Haina valvu, haina kemu, haina konrodi: fimbo ya pistoni imeshika pini ya krenki, ule mkono unaozungusha shafti, moja kwa moja. Mtu akiniuliza aanzie injini gani, nasema hii. Mimi mtu wa Kigoma, nimekua naiangalia Liemba bandarini, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa ziwani vipande vipande. Injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1970 ikawekwa dizeli, sikuzikuta. Basi najitengenezea zangu za kukaa mezani.

Vipimo andikeni. Tundu la silinda milimita 25. Mwendo wa pistoni 30, kwa hiyo pini ya krenki iko 15 kutoka katikati ya shafti. Silinda ikishakamilika ina urefu wa 60, na mraba wa 40 kwa 40. Umbo la mbao nimelichonga kubwa zaidi, 65 kwa 45 kwa 45, kwa sababu mbili: alumini ikiganda inasinyaa karibu asilimia 1.3, na pili nataka milimita 2 kila upande za kukereza. Ubavuni nimelitanua kidogo kuelekea juu, kama nyuzi 2, ili lichomoke mchangani. Limepigwa vanishi na msasa. Mbao isiyo na vanishi inanywa maji ya mchanga inavimba, halafu unaitoa na nusu ya kalibu.

Mchanga. Laini, umechekechwa kwa chekecheke ya unga, sehemu 10 kwa sehemu 1 ya bentonaiti, udongo wa kushikamanisha. Bentonaiti hukuipata, tumia udongo wa kichuguu uliotwangwa, mafundi wa sufuria wanautumia na sufuria zinatoka. Maji nyunyiza kwa mkono, usimwage. Kamata konzi, minya, fungua kiganja. Alama za vidole zimebaki? Vunja katikati. Kingo zimevunjika kali, hazikumomonyoka? Basi. Ukiacha kiganja kimelowa, umezidisha maji, ongeza mchanga mkavu.

Kushindilia sielezi sana, mnaona: fremu ya chini, umbo kichwa chini, mchanga, shindilia, geuza, paka vumbi la majivu lililochekechwa, fremu ya juu, shindilia tena. Majivu yanazuia nusu mbili zisishikane. Wengine wanatumia poda ya mtoto. Inanukia vizuri, ila ni ghali bure.

Hapa juu ya umbo nimesimamisha kipande cha bomba la plastiki la inchi 2. Hili ni shimo la akiba. Kipande chetu ni kinene, kinaganda kutoka nje kwenda ndani, na kikiganda kinasinyaa, kwa hiyo kinatafuta alumini ya kunywa. Asipokuwepo wa kumnywesha, anajila mwenyewe, unakuta pango katikati. Shimo la akiba lazima liwe nene kuliko kipande chenyewe, ligande mwisho. Njia ya kumiminia ndiyo ile nyembamba pembeni.

Chomoa umbo: gonga gonga pande zote kwanza, skrubu katikati, vuta wima. Hivyo. Kona moja imebomoka kidogo, naibandika kwa kijiko. Funika. Toboa matundu ya hewa kwa spoku ya baiskeli. Tumemaliza mchanga.

Sasa moto. Najua ndio mlioujia. Tanuri ni debe lenye udongo, mkaa, na feni ya kupulizia kutoka chini. Chungu ni kipande cha bomba nene la chuma lililochomelewa kitako. Si sufuria! Sufuria ni alumini ileile, inayeyuka pamoja na mboga. Hata hicho chungu cha chuma, alumini inakila polepole kwa ndani, kwa hiyo kikague kila kazi. Kikianza kuwa chembamba kitupe.

Skrepa ninayopenda ni pistoni za malori. Zina silikoni nyingi, zinatiririka vizuri kwenye kalibu na zinakerezeka. Alumini ya fremu za madirisha siipendi, inatafunika kama jojo kwenye mashine. Toa pini, toa ringi, kwangua masizi. Pistoni nyingi za dizeli zina pete ya chuma iliyofichwa kwenye mfereji wa ringi ya juu. Usihangaike nayo, alumini ikiyeyuka yenyewe inabaki chini, unaivua kwa koleo. Kipande chetu ni kama gramu 350, lakini nayeyusha kilo 1, maana shimo la akiba nalo linataka chake.

Maji na alumini iliyoyeyuka havikai chumba kimoja. Tone moja likinaswa chini yake linageuka mvuke papo hapo na kukurushia chungu kizima usoni. Kwa hiyo kila kinachoingia mle, kipande cha skrepa, kijiko, koleo, kinapashwa ukingoni mwa tanuri kwanza. Namimina juu ya mchanga mkavu, si juu ya sakafu ya zege, kwa sababu zege nalo lina maji ndani na linapasuka. Viatu vya ngozi, suruali nje ya kiatu, miwani. Dogo, kandambili hizo toka nazo nje. Utashika simu kutoka dirishani.

Imeyeyuka. Natumbukiza nondo iliyopashwa: imetoka safi, hakuna uji uliogandia. Alumini safi inayeyuka kwa nyuzi 660, hii ya pistoni chini ya hapo, lakini kumimina tunataka 700 na kitu. Naondoa mavi ya juu. Ndiyo jina lake, msinicheke. Nakoroga? Hapana, sikorogi, ukikoroga unaingiza hewa na uchafu. Namimina... mfululizo, usisite... usisite... shimo la akiba limejaa, basi. Ongeza na vumbi la mkaa juu yake libaki na moto.

Muda huo wa kusubiri niseme: pistoni yenyewe sisubu. Ni brasi, nakata kwenye fimbo iliyo tayari. Brasi ukiyeyusha, zinki iliyomo inachemka kwa nyuzi 907, inatoka moshi mweupe, na ukiuvuta usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Flaiwili, lile gurudumu zito, nayo usisubu kwa alumini, ni nyepesi mno. Tafuta puli ya chuma kwenye skrepa, uzito wake karibu mara tatu kwa ukubwa uleule.

Tumefungua. Kizuri! Shimo la akiba limezama katikati, mnaona bonde? Hilo bonde lingekuwa ndani ya silinda. Kata kwa msumeno wa chuma, tupa lirudi kwenye skrepa.

Mashine ya kukerezea. Chaki, yaani kishikio cha mashine, ya taya nne. Nasawazisha uso, natoboa na drili ya 8, kisha 14, kisha 20. Mafuta ya kupozea ni mafuta ya taa, kwa alumini hakuna zaidi, bila hayo alumini inaganda kwenye ncha ya kisu na tundu linatoka na mikwaruzo. Kisha kisu cha kupanulia ndani. Simamisha.

Dogo sogeza simu. Zaidi. Mnaona kitundu hapo kwenye kona? Cha gesi. Sasa tusiogope, tuulize kiko wapi. Kiko kona ya nje, si kwenye uso utakaokaa na bamba lenye matundu ya mvuke, si ndani ya tundu. Je, kinapita? Naziba chini kwa kidole, namimina mafuta ya taa ndani ya tundu, nangoja. Mafuta ya taa yanapenya popote. Nje kumekauka. Tunaendelea. Kingelowa, kipande kingerudi kwenye chungu, bila huruma.

Nimefika karibu na 25. Sikilizeni hapa, na nitarudia: usipime kikiwa cha moto. Kisu kimepita, kipande kina joto, kalipa inakwambia 24.86, unachukua ile 0.14 iliyobaki, unashangilia. Kesho asubuhi pistoni inabana. Usipime kikiwa cha...

Umeme umekata. Haya. Dogo usizime.

Basi umerudi, na umetusaidia kufundisha. Kabla haujakata nilipima 24.86. Kimekaa kimepoa, napima tena: 24.83. Hakuna aliyekigusa! Alumini ya kipenyo cha 25 ikipanda nyuzi 50 inatanuka karibu 0.03. Ni chini ya unene wa unywele, lakini kwa pistoni ni tofauti ya injini na kizibo. Usipime kikiwa cha moto. Nenda kanywe chai.

Kupita kwa mwisho, kisha napitisha kisu tena palepale bila kuongeza, maana mkono wake mrefu unajipinda na ukirudi unakula kidogo zaidi. Kimepoa? Kimepoa. 25.00. Pistoni ya brasi naikereza 24.95, urefu 18, na mifereji miwili myembamba ya kushika mafuta. Ringi haina, kwa injini hii hazihitajiki.

Mtu mmoja ataniuliza, kwa nini si pistoni ya alumini ndani ya silinda ya chuma, kama gari? Kwa sababu mvuke ni moto, alumini inatanuka kama mara mbili ya chuma, na ukibana vipimo namna hii pistoni inavimba ndani inakamata. Hapa silinda ni alumini na pistoni ni brasi, zinatanuka karibu sawa. Nafasi haifi. Alumini kwa alumini ndiyo mbaya kabisa, zinalana.

Sasa uso unaokaa na bamba. Hapa ndipo injini nyingi za mezani zinapofia, na hakuna moto wala cheche kwa hiyo watu wanaruka video. Msiruke. Kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 400, mafuta kidogo. Chora misalaba ya wino usoni pote, sugua mara chache kwa mwendo wa nane, tazama. Wino uliobaki ni bondeni. Endelea mpaka wote uondoke kwa pamoja. Bamba nalo hivyohivyo.

Tundu la ekseli, pini ambayo silinda inayumbia: drili ya 5, tapu ya M6 ya kukata nyuzi za skrubu, kina milimita 6. Ukuta hapa ni 7.5 tu! Weka alama ya utepe kwenye drili, ukizidi umetokea ndani ya silinda. Tundu la mvuke la silinda liko 30 juu ya ekseli, kipenyo 5. Krenki iko 75 chini ya ekseli. Kwa hesabu hiyo tundu linayumba milimita 6 kila upande, ndiyo maana matundu ya bamba yanakaa 6 kushoto na 6 kulia. Matundu yasizidi kipenyo cha 6, la sivyo silinda ikiwa wima mvuke unaingia huku unatoka kule na injini imekaa tu inapumua.

Mimi sitegemei rula. Naunga kila kitu, nazungusha krenki mpaka silinda imeinama mwisho upande mmoja, napaka wino kwenye mdomo wa tundu, naibandika kwenye bamba. Ibandike, usiiburuze. Upande wa pili hivyohivyo. Pete mbili za wino. Toboa katikati ya pete.

Kifuniko cha juu na gasketi ya karatasi iliyopakwa mafuta, boliti nne. Springi kwenye ekseli ibane kiasi cha kuzuia mvuke tu. Ukikaza sana haizunguki, na pia springi laini inakuokoa: maji yakinaswa ndani ya silinda, uso unajiinua yanatoka.

Mafuta tone. Kompresa, leo hewa, baa 1. Nafungua... isukume kidogo kwa kidole... Hiyo! Inazungukia kushoto. Ukitaka kulia, hamisha mpira wa hewa kwenye tundu la pili. Kuna sauti ya kugonga, mnaisikia? Nati ya pini ya krenki. Robo mzunguko. Imenyamaza.

Boila, chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, haimo kwenye video hii. Na wale wanaoniandikia kuhusu kugeuza mtungi wa gesi wa zamani kuwa boila, jibu ni hapana. Maji yakiwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600, na hayatakuomba ruhusa. Boila inataka valvu ya usalama na kupimwa kwa maji baridi yenye shinikizo kwanza, tutaifanya peke yake.

Asiye na tanuri, nauza silinda na bamba zilizosubiwa bila kukerezwa, nimeshazipima kwa mafuta ya taa. Kukereza ni kwako, na hata hiyo usipime ikiwa ya moto. Dogo, zima kompresa kabla ya simu.