Nokia na Mwenye Simu ya Bei ya Chini

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya mafundi wa simu na wanagenzi wao

Mafundi wenzangu, wazee wa kazi mliotutangulia, nanyi vijana mnaojifunza, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha. Mliniomba nichague kampuni moja ya vifaa vya elektroniki ambayo fundi anaweza kujifunza kwayo, nami sikuchukua muda kuchagua. Nitazungumza juu ya Nokia. Naipenda kampuni hii waziwazi, na saa hii nataka kuwaeleza sababu.

Huku kwetu Nokia ikitajwa, watu huanza na ugumu wake. Simu ilianguka kutoka kwenye boda boda ikatawanyika lami nzima, mwenyewe akaokota kifuniko na betri, akaviunga, akaendelea na safari. Hayo ni kweli, na wengi humu mmeyaona. Lakini ugumu ni matokeo tu. Kwa kampuni nyingi, simu ya bei ya chini ni simu ya bei ya juu iliyopunguzwa: ondoa hiki, punguza kile, weka plastiki nyembamba, peleka Afrika. Nokia katika miaka yake mizuri ilikwenda kinyume. Ilianza na mtu mwenyewe, asiye na umeme nyumbani, anayetembea kwenye vumbi, anayehesabu kila shilingi ya salio, kisha ikawapa wahandisi wake hodari kazi ya kumtengenezea yeye simu. Hiyo ndiyo hoja yangu leo.

Kwa ufupi tu, kampuni hii ni kongwe kuliko reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901. Ilianza mwaka 1865 Tampere, nchini Ufini, kama kinu cha kusaga mbao kwa ajili ya karatasi, mwanzilishi akiwa mhandisi Fredrik Idestam. Jina lilitokana na mji wa Nokia, ulio jirani. Mwaka 1967 iliungana na kampuni ya mipira na kampuni ya nyaya, hata kuna Wafini waliovaa viatu vya mvua vya Nokia miaka mingi kabla ya kushika simu yake. Tarehe 1 Julai 1991, Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufini, alipiga simu ya kwanza ya GSM, mfumo wa mawasiliano ya simu za mkononi, katika mtandao uliotumia mitambo ya Nokia. Kufikia 1998 kampuni ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa kuuza simu. Kampuni za mtandao Safaricom na Kencell zilianza kazi hapa Kenya mwaka 2000, mwaka uleule simu ya Nokia 3310 ilipotoka, na ndiyo maana simu ya kwanza ya wazazi wenu wengi ilikuwa na jina la Nokia kwenye kioo.

Tuje kwenye simu ya Nokia 1100, mulika mwizi yenyewe. Ilitangazwa mwaka 2003, na zikauzwa zaidi ya milioni 250. Ukiambiwa kuna simu iliyouzwa kupita hiyo, muulize anayekuambia ni ipi. Simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa mwaka 2005, ilikuwa 1100, nayo ilinunuliwa Nigeria. Haikununuliwa London wala New York.

Itazameni kwa macho ya fundi. Vitufe vyake havikutoboa kasha. Sehemu ya vitufe imefunikwa kwa mpira mmoja usio na mwanya, kwa hiyo vumbi la Ahero au unga wa posho mill hauna pa kupitia. Sisi tunajua kinachoua simu za vitufe: uchafu unaoingia chini ya kitufe, ukakaa kati ya kidude cha kubonyea na bodi, mwisho namba 5 inakataa. Mtu anakuletea simu akisema imeharibika, nawe unapangusa kwa spiriti tu. Wale Wafini waliufikiria ugonjwa huo wakiwa kwenye meza ya uchoraji, simu ikiwa bado haijazaliwa. Ubavuni wakaweka sehemu zenye kukwaruza ili simu isiteleze kwenye mkono wenye jasho, au mkono uliotoka kwenye samaki.

Kisha tochi. Shikilia kitufe cha C, mwanga unatoka kichwani mwa simu. Kwa mtu wa mjini Ulaya ni kitu cha kuchezea. Kwa nyumba yenye koroboi moja inayobebwa kutoka chumba hadi chumba, ni nuru ya pili ndani ya nyumba, isiyonuka mafuta ya taa na isiyoweza kuwasha godoro. Mama alitoka nayo usiku kumtazama ng'ombe zizini. Mtoto alisomea. Mwanamke aliyeamkia soko la Kibuye gizani alihesabia pesa zake kwa mwanga huo. Gharama ya taa yenyewe kiwandani haikuwa kubwa, ila ilihitaji mtu aliyekaa akajiuliza usiku wa mteja wake unafananaje.

Na betri. BL-5C ya wakati ule ilikuwa na uwezo wa kutunza chaji wa mAh 850, ambazo leo ukimtajia kijana anacheka, lakini 1100 ilikaa hadi saa 400 ikisubiri simu. Zigawanyeni kwa siku: ni zaidi ya wiki mbili. Aliyekuwa akiacha simu yake kwenye kibanda cha kuchajisha siku ya soko aliweza kungoja hadi soko lijalo bila wasiwasi. Betri hiyo imekuwa kipimo cha watu wote. Nendeni pale Kibuye mfungue mgongo wa zile redio ndogo za memori kadi, mtakuta nafasi iliyochongwa kwa vipimo vya BL-5C. Viwanda ambavyo havikuwahi kufanya kazi na Nokia vinatengeneza vitu kufuata umbo la betri yake, kwa sababu vinajua kila duka la Kenya lina hiyo betri.

Kuhusu betri hiyohiyo, kuna jambo la mwaka 2007 ambalo nalihesabu kuwa sifa, ingawa lilianza kama aibu. Iligundulika kwamba BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006 zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji. Visa vilivyojulikana duniani vilikuwa kama 100 hivi. Nokia ilijitokeza hadharani mwezi Agosti, ikataja betri milioni 46, ikasema mwenye nayo abadilishiwe bure. Fundi aliyewahi kumwambia mteja "kazi niliyokufanyia ina kasoro, irudishe" anajua hilo linahitaji moyo wa namna gani.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo watu hawalizungumzii. Nokia ilikuwa na watafiti ambao kazi yao ilikuwa kwenda kuwatazama watu. Mmoja wao, Jan Chipchase, alizunguka nchi nyingi, na Uganda, hapa ng'ambo ya Busia, aliangalia jinsi watu wanavyotumia simu moja kwa pamoja. Alieleza jinsi mtu wa Kampala alivyonunua kadi ya salio, akamsomea namba zake mwenye simu ya kijijini, na yule wa kijijini akaingiza salio, akakata chake, akampa mama wa yule mtu pesa taslimu. Watu walikuwa wamejitengenezea njia ya kutuma pesa kabla benki yoyote haijawafikiria. Na hapa kwetu, Machi 2007, M-Pesa ikaanza. Nokia haikuwa na mkono kwenye huduma hiyo, lakini huduma ilikaa kwenye laini, ikafanya kazi kwenye simu ya kawaida kabisa, na simu za kawaida zilizokuwa mikononi mwa watu wa Siaya na Bungoma wakati huo nyingi zilikuwa mulika mwizi.

Matunda ya utazamaji ule yalionekana mwaka huohuo wa 2007 kwenye Nokia 1200 na 1208. Zilikuwa na orodha tano za majina katika simu moja. Baba ana yake, mama ana yake, na mwana aliyemaliza shule ana yake, kila mtu na watu wake. Pia ungeweza kuweka kikomo cha muda au cha gharama kabla ya kupiga. Mwenye kibanda cha simu ya jamii aliweza kumwambia mteja, "Umelipia dakika mbili," na simu yenyewe ikahesabu. Jamani, fikirieni mkutano uliokaa kule Ufini, nchi ambayo karibu kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni, watu wazima wakijadiliana kwa dhati namna ya kuipunguzia familia moja ya Vihiga ugomvi juu ya salio. Mimi jambo hilo linanigusa mpaka leo.

Halafu kuna chaja ya baiskeli. Juni 2010 Nokia ilikuja Nairobi kuitangaza, pamoja na simu za C1. Ilikuwa dainamo ndogo inayosuguana na tairi, waya, na kishikio cha simu pale kwenye usukani. Ilianza kuchaji ukifika kilomita 6 kwa saa na iliendelea hadi kilomita 50. Dakika 10 za kunyonga kwa kilomita 10 kwa saa zilitosha simu kwa maongezi ya dakika 28, au kukaa saa 37 ikisubiri. Wanaoijua Kisumu ya wakati ule, Kisumu ya boda boda za baiskeli zilizojaa kuanzia stendi hadi Kondele, kiti cha nyuma kimeshonewa sponji na kengele hazinyamazi, wataelewa kwa nini nilisisimka. Mnyonga baiskeli anakaa kwenye kazi kutwa, nguvu ya miguu yake inaishia barabarani, na jioni analipa pesa ili simu yake ichajiwe. Kuna mtu aliyeuona mguu huo akasema unaweza kuzalisha umeme. Ni kweli kwamba pikipiki zilikuwa tayari zinawasukuma wanyonga baiskeli pembeni na chaja hiyo haikuenea. Kwangu bado ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kutengenezwa kwa ajili yetu.

Kumpenda mtu hakukuzuii kuona alipokosea, na Nokia ilikosea kwenye simu za laini mbili. Sisi sote tulikuwa na laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Watu walibeba kadi ndani ya pochi, wanatoa betri, wanabadilisha, wanawasha tena. Simu za Kichina zikaja na nafasi mbili. Nokia ilifika na C1-00 mwaka 2010, na hata hiyo ilikutaka uchague laini moja iwe hewani. Kampuni iliyotutazama vizuri kiasi kile ilichelewa kuliona jambo lililokuwa mbele ya kila kibanda cha simu, na walioliona mapema walichukua soko. Leo Tecno na Itel zinauza simu yenye tochi kichwani, betri ya siku nyingi na laini mbili. Mtu asiniambie simu hizo hazikusomea kwenye darasa la 1100.

Kuanguka kwenyewe mnakujua. iPhone ilitoka 2007, programu ya Symbian iliyoendesha simu za Nokia ikalemewa, Februari 2011 kampuni ikajifunga na Microsoft, na Aprili 2014 biashara yote ya simu ikawa mali ya Microsoft. Desemba 2016 jina likaanza kutumiwa kwenye simu na kampuni nyingine ya Ufini, HMD, kwa leseni. Nokia yenyewe ipo, inatengeneza mitambo ya mitandao. Kuna wanaosema kampuni iliyoanguka haina la kufundisha. Siwaelewi. Iliangushwa na vita vya simu za bei ya juu. Kwenye simu ya mtu wa kawaida ilifanya kazi ambayo naona haijafikiwa.

Kabla sijanyamaza, kuna somo moja haliwezi kusemwa kwa mdomo. Trei hii ina 3310 za kutosha, kila watu watatu wachukue moja, na walio nyuma wasogee. Msiguse bisibisi bado. Bonyezeni kitufe cha mgongoni, kifuniko kinateleza. Toeni betri. Sasa sukumeni kasha la mbele kutoka juu, linaachia lenyewe, na mpira wa vitufe unatoka nalo. Kasha lote mmelivua kwa vidole, kwa sababu waliolichora walitaka mwenye simu aweze kulibadilisha mwenyewe nyumbani. Sasa chukueni bisibisi ya T6, ile yenye ncha ya nyota, fungueni skrubu, mtoe bodi taratibu, kisha mwangalie chini, pale chaja inapoingia.

Mnaona solda? Tafuteni vizuri. Hakuna. Soketi ya chaji na maiki ni kipande kimoja kinachoigusa bodi kwa vijispringi. Ugonjwa unaoleta wateja wengi kuliko wote, soketi iliyolegea, kwenye simu hii unatibiwa kwa kuchomoa kipande na kuchomeka kingine, na hujakaribia moto wala bodi haijapata joto. Aliyeichora alijua soketi itachakaa kuliko kila kitu, akamwekea fundi njia, fundi ambaye hakuwahi kuonana naye. Chomoeni hicho kipande, mkirudishe, halafu nitapita meza kwa meza na chaja kuona kama zote zinashika chaji. Maswali niulizeni hukohuko mezani.